Shuka Jeupe la Kaniki

Siku mbili baada ya kuanua matanga, Tatu binti Feruzi alikuja kwangu Ndagoni kwa miguu kutoka Kilindoni, kikapu cha ukindu kichwani. Alikaa mkekani, akanywa maji, akanisikiliza nikimpa pole kwa mara ya tatu kana kwamba zile mbili za msibani hazikutosha, kisha akatoa kikapuni kitambaa kilichokunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya usumba. "Baba alisema hili ni lako, Bi Salma," akaniambia. "Alisema nililete yeye akishaondoka, si kabla." Nikalikunjua magotini. Lilikuwa shuka la bafta, kubwa kuliko la kitanda, zamani jeupe na sasa rangi ya maji ya mchele. Viraka vitatu havikuwa vyangu, lakini pindo lilikuwa langu. Mshono wangu naujua, na pale kona ya kushoto niliposhona kwa haraka bado palikuwa pamekunjamana vilevile. Tatu alipitisha mkono kwenye tundu lililo mwisho wa shuka akaniuliza lilikuwa la nini. Nikamwambia ni la mkia wa farasi. Akacheka, msiba wote ule, akaniomba radhi kwa kucheka, nami nikaanza kulia.

Sitaeleza hapa nimezaliwa na nani. Wanaonijua wanajua, na wasionijua hawatapungukiwa na kitu. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na sita, nimeshavunja ungo na kwa hiyo nimekuwa mtu wa ndani, nikilelewa na shangazi yangu Zuwena katika nyumba ya mawe ambayo leo imebaki kuta mbili na mpapai. Wakati huo bado Wadachi walikuwa na boma lao Chole, na Kilindoni ilikuwa kijiji cha kawaida. Nyumba ilikuwa na baraza mbele kwa wanaume, sebule katikati, na nyuma ua mpana wenye jiko upande mmoja na kisima upande wa pili. Dunia yangu ilianzia kwenye mlango wa sebule ikaishia kwenye ukuta wa ua. Nilichokijua cha nje nilikisikia kwa sikio, na sikio langu lilikuwa zuri sana.

Katika nyumba ile walikuwemo watu huru na watumwa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Naandika hivyo kwa aibu, lakini naandika. Feruzi alikuwa mtumwa wa ami yangu Nasoro, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, ndevu zimeshamkolea, ana mke na mtoto. Kila asubuhi alinipigia shikamoo mimi, mtoto wa kike ninayetafuna andazi, nami nikamwitikia marahaba bila hata kumeza kwanza. Miaka mingi baadaye, kila nilipokutana naye, mimi ndiye niliyeanza kumwamkia. Mwaka wa kwanza hakuitikia, alikohoa tu. Mwaka wa pili alisema, "Tuko salama." Ilimchukua muda mrefu kuniitikia marahaba, na siku alipoitamka aliitamka upesi huku akitazama pembeni, kama mtu anayemeza dawa.

Ami Nasoro alikuwa na farasi. Wenye mashamba wengine walipanda punda weupe wa Maskati, nao walijiona wamefika, lakini Ami alileta farasi kutoka Unguja, mweusi ti, hana hata unywele mweupe. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumtazama tu. Alimpa jina refu la Kiarabu ambalo hakuna ulimi wa Ndagoni ulioliweza, basi sisi tukamwita Kaniki, kwa ile nguo nyeusi wanayovaa wanawake wa shambani. Ami alichukia jina hilo. Farasi, kwa upande wake, alilipenda, kwani ukimwita jina la Kiarabu alikuwa hageuki.

Mwaka huo Ami alitia nia ya kwenda kuhiji. Alikuwa mjane, nyumba yake angeifunga, kwa hiyo farasi na Feruzi, aliyekuwa saisi, yaani mtunzaji wake, wangekaa kwetu kwa shangazi mpaka arudi. Usiku wa kumuaga lilipikwa bokoboko la kuku, samli ikielea juu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa sebule nachagua mchele wa kesho, mbele ya taa, masikio yangu yote barazani. Wanaume walikula, wakanawa, wakaanza kuombana radhi kama inavyompasa msafiri wa Maka. Kisha nikamsikia Ami akiita, "Feruzi."

"Labeka, bwana."

"Huyu farasi nakuachia amana. Nikirejea nikamkuta kama nilivyomwacha, mzima na mweusi hivi hivi, basi wewe ni huru kwa ajili ya Mungu. Na hawa hapa wamenisikia."

Nilitegemea kusikia shukrani, mtu akianguka miguuni, maana ndivyo nilivyodhani watu hufanya. Feruzi alisema tu, "Nimesikia, bwana." Nikaona hana adabu. Nikaendelea kutoa chuya kwenye mchele.

Maana ya maneno yale niliielewa polepole, kwa vipande vya mazungumzo jikoni. Mke wa Feruzi alikuwa mwanamke huru wa Kilindoni, anajilimia mihogo yake, na mtoto wao Tatu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kusema, alikuwa huru kama mama yake. Katika nyumba ile ya watatu asiyekuwa huru ni baba tu. Aliruhusiwa kwenda kwao Alhamisi baada ya alasiri na kurudi Ijumaa kabla ya magharibi, na siku nyingine zote alilala kwenye banda letu la makuti, mkeka wake futi mbili kutoka kwato za farasi. Siku moja nilimsikia akimwambia mpishi wetu kwamba mwanawe akimwona humwita "mgeni". Alisema hivyo huku akicheka, na mpishi hakucheka. Wapo waliokuwa wakienda kutafuta uhuru kwa Wadachi, lakini boma halikuwa karibu na mtu kama Feruzi, hata kama Chole ilionekana kwa macho. Yeye alikuwa na neno la bwana wake na farasi mweusi, basi.

Miezi ya kusi ilipita vizuri. Feruzi alimwendesha Kaniki asubuhi, akamrudisha ametoa jasho, akamwogesha kwa maji ya kisima ndoo baada ya ndoo, akamsugua kwa kumbi la nazi lililokatwa kati mpaka mgongo unawaka. Mimi nilitazama kutoka dirisha la jiko, nikisonga ugali au nikijifanya nasonga. Kisha likaja lile jua la kabla ya vuli, kisima kikashuka, kamba ikabidi iungwe. Shangazi Zuwena, ambaye hakuwahi kumpenda mnyama asiyeliwa, alisimama mlangoni na upawa mkononi akatoa hukumu. "Kisima hiki cha watu, si cha mnyama. Kama anataka kuoga, bahari ile pale, nani kaimaliza?" Feruzi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba bwana aliagiza maji baridi ya kisima. Shangazi akamwuliza nani mkubwa kati ya bwana na dada yake mkubwa. Tangu siku hiyo Kaniki akaogeshwa baharini na kurudi na chumvi imemganda ubavuni, amesimama uani juani mpaka akauke.

Nami nikamwonea huruma. Nywele zake zilikuwa zimekauka, zimesimama ovyo, na nilijua dawa yake, kwani kwetu nani asiyeijua? Mtoto hatoki juani bila kupakwa mafuta ya nazi. Maharusi hupakwa, mgonjwa hupakwa, mzee hupakwa magoti. Siku ile nilikuwa nimetoka kupika mafuta mwenyewe, ya kwanza kutoka vizuri bila kuungua, na nilikuwa najiona fundi. Nikatoka uani na bakuli. Feruzi akasimama kati yangu na farasi, kichwa ameinamisha.

"Mwana," akasema, kama watumwa walivyowaita mabinti wa nyumba, "bwana hakusema mafuta."

"Nimesema mimi," nikamjibu.

Akasogea. Nimeyafikiria maneno yale mawili maisha yangu yote. Sikuyasema kwa ukali. Niliyasema kwa raha, kama mtu anayetoa zawadi, na yeye hakuwa na njia ya kuikataa. Nikampaka Kaniki kuanzia shingo hadi matako, akang'aa kama sufuria jipya, na mpishi akaja kutazama akasema mashaallah. Nikamwagiza Feruzi ampake hivyo kila siku. Alitii, kila siku, kwa zaidi ya mwezi. Shangazi aligomba kwamba wali unapikwa kwa maji matupu huku nazi zinaishia mgongoni mwa mnyama, na kweli tulikula wali mkavu na mchuzi wa papa usio na tui, lakini nikamwambia farasi wa Ami ana haki yake.

Asubuhi moja Feruzi aliniita. Hakuwahi kuniita kabla ya hapo. Alimtoa Kaniki kwenye kivuli cha banda akamsimamisha juani, akasema, "Mwana, tazama." Nikatazama. Mgongo wote, mabega na juu ya matako, alikuwa mwekundu. Si wekundu wa kupendeza, ni ule wa makumbi yaliyotupwa mvuani yakakauka tena. Kaniki alikuwa amechujuka, kama kaniki yenyewe inavyochujuka ikianikwa juani kila siku. Nikasema labda ni mafuta yamekusanya vumbi. Feruzi akachota maji kidogo ya kunywa, akasugua mahali pamoja kwa kiganja. Wekundu ukabaki. Kisha akainua zile nywele ndefu za shingoni, akanionyesha zilipokuwa zimelalia. Chini yake palikuwa peusi ti, kama siku Ami alipoondoka.

"Pasipofika jua ni pazima," alisema. "Penye jua na chumvi na mafuta, ndipo palipoungua. Mafuta yanakaangwa juu yake, Mwana. Mimi nimeona kwa siku nyingi, nikadhani macho yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, nami nikaona jibu. Nilikuwa nimekwisha kusema. Alimrudisha farasi kivulini, akakaa chini akaegemea nguzo ya banda, na chakula chake cha mchana kikamkuta pale pale, na cha jioni kikakikuta cha mchana hakijaguswa. Alhamisi ile hakwenda Kilindoni. Mpishi alisema eti anaona haya kumtazama mkewe. Nilikwenda chumbani kwangu nikajifunika gubigubi katika joto lile, na kwa mara ya kwanza maishani nikahesabu kitu ambacho si changu. Nilihesabu miezi iliyobaki mpaka Ami arudi. Ilikuwa minne, na kama pepo zikimpenda, pungufu ya hapo.

Machozi hayakumsaidia mtu, basi siku ya pili nikaacha kulia nikaanza kufikiri. Nywele zilizoungua haziwezi kurudi nyeusi, hilo hata mimi nililijua kwa nguo. Lakini nywele hung'oka na kuota, na zinazoota chini huota nyeusi. Kazi ni kuzifunika zinazoota. Zile singa za shingo zilinionyesha namna. Kaniki alihitaji nguo. Nikamwendea Shangazi nikamwomba ruhusa ya kuchukua bafta iliyowekwa kwenye kasha kwa ajili ya mashuka yangu ya harusi. Shangazi alinitazama kama aliyesikia mtu akiomba kukata paa la nyumba. "Utamvika farasi kitanda chako?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwa nini, yote, mafuta na bahari, na kwamba kuna mtu ameahidiwa uhuru na sisi wawili tumemuunguzia mgongoni mwa mnyama. Shangazi aliendelea kuambua kisamvu. Mwishowe akavua ufunguo wa kasha kwenye kamba ya kiunoni, akautupa mkekani karibu na mimi.

Nilimpima Kaniki kwa ukili wa mkeka, Feruzi akimshika, mimi nikizunguka mbali na miguu ya nyuma. Sindano zangu za kofia zilivunjika mbili kwenye mapindo, na Feruzi akaniazimia sindano ya matanga kwa fundi mmoja wa Jibondo aliyekuwa ametia nanga ufukweni kwetu kusubiri maji yajae. Shuka la kwanza lilikuwa kituko. Nililibana tumboni kama kanzu ya harusi, na upepo ulipoingia chini yake likavimba, Kaniki akadhani amepandwa na shetani. Aliuzunguka ua mara tatu, akavunja mtungi, akaingia jikoni nusu mwili, Shangazi akapanda juu ya kinu akisoma Kulhuwallahu. Nilipomtazama Feruzi nikamkuta amekaa chini anacheka mpaka anashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya wekundu. La pili nililishona pana, linaning'inia hadi chini ya tumbo, kamba moja tu kifuani, tundu la mkia nyuma. Upepo ulipita ndani kwa uhuru. Nilichagua bafta nyeupe kwa sababu nilijua mwenyewe, kwa baibui langu, nguo nyeusi inavyompika mtu juani.

Mambo mengine Feruzi aliyapanga, na safari hii nilimsikiliza. Mafuta yakakoma. Bahari ikakoma. Kaniki aliendeshwa alfajiri na tena jua likishalainika, na kati ya hapo alikaa bandani, makuti yameongezwa upande wa magharibi, shuka mgongoni akitoka hata kwenda kunywa maji. Jasho lake lilioshwa kwa maji ya kisima kabla halijakauka, na kwa kuwa maji hayakutosha, nilitoa yangu ya kuoga jioni. Nilijifuta kwa kitambaa kibichi kama mgonjwa na kunuka hivyo hivyo. Wiki ya pili nikakuta ndoo ya Shangazi nayo imewekwa kimya kimya mlangoni mwa banda. Baadaye akaanza kumpelekea mashudu ya ufuta, akidai yameharibika na ni hasara kuyatupa. Feruzi alisugua kwa kumbi asubuhi na jioni, na kila alipolikung'uta zilidondoka nywele nyekundu. Alizikusanya kwenye kawa, nami nilizitazama kila siku kuona zimeongezeka.

Na chini yake weusi ulikuja. Kwanza ulionekana tu ukizifungua nywele kwa vidole, kama vumbi la mkaa. Kisha mabega yakapata madoa. Vuli ikanyesha, kaskazi ikaingia na joto lake, na Kaniki chini ya shuka lake alikuwa akibadilika. Katika miezi ile nilizungumza na Feruzi kuliko nilivyozungumza na mtu yeyote, mimi dirishani jikoni, yeye bandani. Alinieleza kwamba anataka kujenga chumba cha pili Kilindoni, na mlango wake utazame barabara ili Tatu amwone akirudi shambani. Alisema "nikirudi" kama mtu anayeonja kitu. Nilimwuliza kama atapenda kuendelea kufuga farasi. Akasema, "Nikishakuwa huru sitaki hata kumwona punda." Tukacheka. Alimpenda yule farasi sana, na alijua kwamba mimi najua.

Habari zilikuja mapema mno. Siku moja baada ya adhuhuri mtu alibisha hodi barazani akasema Hajj Nasoro ameshuka salama, atalala Kilindoni, kesho asubuhi atakuwa kwetu. Tulikuwa tumejiwekea wiki tatu zaidi. Nikakimbilia uani nikalifunua shuka. Ubavuni alikuwa mweusi, shingoni mweusi, matakoni mweusi. Lakini begani palikuwa na mstari mwekundu, na mgongoni, pale tandiko linapokaa na jasho lilipokaa zaidi, palibaki wekundu wa ukubwa wa sinia ya kahawa. Nikaingia ndani nikatoa piko. Tulikuwa nalo la maharusi, na mimi mkono wangu wa kuchora ulisifiwa. Nililikoroga zito, nikaja bandani na bakuli, kama siku ile ya mafuta. Nilikuwa nimeshachovya pamba Feruzi aliposema, "Mwana, usimtie."

"Halitaonekana. Nitapaka unywele kwa unywele."

"Najua utaweza. Usimtie."

"Feruzi, wewe una akili? Kesho hii! Tatu anakungoja!"

Akanitazama tena usoni, mara ya pili katika maisha yetu. "Siku ile ulisema, nimesema mimi. Leo naomba niseme mimi. Huyu ni amana yangu. Sitamkabidhi amepakwa rangi." Hasira zilinipanda. Niliona anajitupa mwenyewe, kwa kiburi, baada ya maji yangu yote na bafta yangu yote. Lakini nilikuwa nimejifunza kitu kimoja mwaka ule, nacho ni kusogea. Nikarudi ndani na bakuli langu, na piko likakauka humo mpaka likapasuka.

Ami alifika jua likiwa limeinuka kiasi, amefuatana na wazee wawili wa msikitini. Tulidhani ameshikwa mkono kwa heshima ya uhaji. Kumbe macho yalikuwa yamempotea njiani. Moja lilikuwa limefunga kabisa, la pili limeingia ukungu, anaona mtu kama kivuli. Shangazi alilia alipomkumbatia. Ami akasema kahawa baadaye, apelekwe kwanza kwa farasi wake. Katika lile vurumai la kumwongoza kutoka sebuleni kwenda uani, Shangazi alipita kwa kila mtu, kwa mpishi, kwa mchota maji, kwangu, akanong'ona kwa meno yaliyoumana, "Ni mweusi. Mmenisikia? Mweusi." Feruzi alikuwa tayari amemtoa Kaniki katikati ya ua. Alilivua shuka akanipa mimi nilishike. Nilisimama nyuma ya mlango nusu wazi, shela usoni, bafta yote ile mikononi.

Ami alimgusa farasi puani, Kaniki akamjua, akampumulia kifuani. Mzee alitabasamu. Akapitisha kiganja shingoni, akasema, "Salma yuko wapi? Yeye ana macho mazima. Binti yangu, niambie, ni mweusi?"

Nilikuwa tayari. Neno lilikuwa limeshafika kinywani, na Mungu anisamehe, lilikuwa tamu. Lakini Feruzi alinitangulia. "Si wote, bwana. Begani ana wekundu wa mstari. Mgongoni ana wekundu kama sinia. Kwingine mweusi."

Mpishi alishika kichwa. Ami akauliza, kwa sauti yake ile ya zamani, "Nani kamfanya hivi?"

"Mimi ndiye niliyepewa amana, bwana."

"Si yeye!" nilisikia sauti yangu ikipiga kelele mbele ya wanaume wageni. "Ni mimi, Ami. Nilimpaka mafuta ya nazi. Alinikataza, nikamwamuru." Na Shangazi, ambaye nilidhani atanipiga, akasema nyuma yangu, "Na mimi nilitaka aoshwe baharini. Alinikataza vilevile."

Ami alinyoosha mkono. "Niwekee hapo palipo pekundu." Feruzi akauchukua mkono wa bwana wake akauweka mgongoni mwa Kaniki. Mzee akapapasa. "Na peusi?" Feruzi akausogeza. Akapapasa tena, akarudi, akaenda, taratibu, uso ameuinua juu kama anayesikiliza. "Mkono wangu hauoni tofauti," akasema. Alisimama hivyo mpaka mmoja wa wale wazee akakohoa. "Nilisema nimkute kama nilivyomwacha. Hata mimi sikurudi kama nilivyoondoka, na mmenipokea." Akawageukia wenzake, au alipodhani wapo. "Shuhudieni. Feruzi ni huru kwa ajili ya Mungu, tangu saa hii."

Shangazi alipiga vigelegele, huku analia. Mpishi alimkumbatia mchota maji. Wazee walimwombea dua, watu wakaanza kumwongoza Ami kurudi ndani kwenye kahawa yake, na mimi nilibaki mlangoni nikimtazama mtu niliyemzoea nikijaribu kuona kilichobadilika. Feruzi hakusujudu, hakulia. Alikuwa ameinua macho anatazama juu, na mkono wake ulikuwa bado mgongoni mwa farasi, pale pekundu. Kisha akanigeukia. Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina langu, ila Mwana, wala kuniambia nipe.

"Salma, nipe shuka," alisema. "Jua limepanda."

Nikampa. Amenirudishia mwezi huu.